Cha Kuokoa: Hakuna

Mimi sichungulii. Hilo lieleweke mapema, maana sisi mafundi kompyuta tunasemwa vibaya: eti ukituachia mashine asubuhi, ikifika mchana tumeshamaliza picha zote za harusi yako na tunajua umeanza kunenepa mwezi gani. Wapo wa hivyo. Mimi simo. Miaka kumi na minne niko kwenye kijichumba hiki, kinyozi kushoto, fundi viatu kulia, na sijawahi kufungua faili la mtu nikalisoma. Kinyozi ndiye aliyenibandika jina la Sichungulii, akidhani ananikebehi. Nikalichukua jina, nikaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, na wateja wakaongezeka. Kinyozi akabaki kuniangalia tu.

Nina daftari kubwa la jalada gumu. Mteja akitaka mashine ifutwe na kuwekwa mfumo mpya, namfungulia ukurasa, nampa kalamu, anaandika mwenyewe kwa mkono wake. Kushoto, Cha Kuokoa. Kulia, Cha Kufuta. Chini, tarehe na sahihi. Wengine hununa. "Fundi, si nimeshakwambia kwa mdomo?" Mdomo sina kabati la kuuwekea, nawajibu, wewe andika.

Tabia hii ni ya Baba. Baba alikuwa mkuu wa wapiga chapa mahakamani, miaka thelathini na moja, vidole kumi bila kutazama herufi, na kwake yeye jambo lisilo na sahihi halijatokea. Tulipokuwa wadogo, Mama akitutuma kwa jirani na sahani, alikuwa anatutania tupite kwanza kwa Baba tukaisainie.

Sasa nimlete Dada. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minane, na ni Dada aliyenisuka nywele, aliyenifunga kamba za viatu, aliyesimama mbele ya mwalimu na kusema huyu mtoto ni wangu, ukimchapa utanieleza. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini. Naomba mlishike hilo, kwa sababu leo nikimtaja meno yananisagana yenyewe.

Alikuja Jumanne asubuhi. Nilimwona anashuka kwenye gari la jirani yake, amekumbatia katoni kubwa, jasho linamtoka.

"Mdogo wangu, nimekuletea mgonjwa."

"Mgonjwa au marehemu?"

"Utaniambia wewe, daktari." Tukacheka. Nikampokea katoni, nikaivuta mashine iliyokuwa juu, na kicheko kikaniishia hapo hapo. Ile mashine naijua skrubu kwa skrubu. Niliiunga kwa mikono yangu miaka minne nyuma, vipande vya huku na huku, kwa ajili ya Baba.

Ngoja nieleze, maana bila hili hamtanielewa. Miaka tisa iliyopita kijichumba hiki hakikuwa kinanilisha, nikawa nafanya kibarua kwa mkandarasi mmoja, na kazi aliyotupa ilikuwa kufunga kompyuta mahakamani. Niliingia na katoni ishirini na mbili kwenye toroli. Baba alisimama mlangoni mwa chumba chake cha wapiga chapa, miwani imeteremka puani, akanitazama. "Ni wewe?" Hakusema lingine. Baada ya miezi mitatu kile chumba kilifungwa kwa kufuli na Baba akarudishwa nyumbani, bado miaka miwili astaafu. Na mimi, niseme ukweli, niliijua kazi ile wiki mbili kabla. Nilikaa kimya kwa sababu nilihitaji kibarua kile. Kwa hiyo aliponikatia salamu sikuwa na la kujitetea. Nilimzunguka baba yangu mzazi, naye alijua.

Miaka mitano tukakaa hivyo. Ndipo nikaiunga hii mashine, nikaandika kikaratasi, "Baba, nisamehe," nikampa Dada apeleke, kwa kuwa Baba anaishi kwake. Kesho yake nikampigia Dada simu, roho juu juu.

"Amesema nini?"

"Ameifunika kitambaa," Dada akanijibu. "Hataki hata kukusikia, mdogo wangu. Mpe muda."

Nikampa muda. Kila mwezi nauliza, kila mwezi jibu ni lile lile. Nikitaka kwenda, Dada ananizuia: usije, presha itampanda, utamuua mzee. Nikakaa. Miezi mitano nyuma Baba akapigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na sauti ikapotea. Nilikwenda hospitali, nikamkuta amesinzia, nikamshika mguu juu ya shuka. Dada akaniambia niondoke kabla hajaamka. Nikaondoka nikilia barabarani kama mtoto aliyepotea sokoni.

Turudi Jumanne. "Futa yote," Dada akasema. "Mwanangu ameanza sekondari, ataisomea."

"Kwani Baba aliwahi kuitumia?"

"Aitumie wapi! Imekaa na kitambaa chake mpaka juzi."

Nikamfungulia daftari. Aliandika haraka haraka, kalamu inakwaruza karatasi. Cha Kuokoa: Hakuna. Cha Kufuta: Kila kitu.

"Na upande wa pili wa diski?" nikamuuliza. "Huwa siugusi bila ruhusa. Ndiko watu wanakoweka mambo yao."

"Kote, bwana. Mambo gani yatakuwepo?" Akatia sahihi yake ile yenye mkia uliojikunja kama ndoano, akanibusu shavuni, akaondoka. Angekuja Alhamisi kuichukua.

Kwa wateja wa kawaida huwa nafuta kwa njia ya haraka. Dakika chache, kwisha. Njia hiyo haifuti sana. Ni kama kung'oa vibao vya majina milangoni, wenyewe bado wamo ndani, na fundi mwenye subira anaweza kuwatoa. Lakini hii ilikuwa ya Dada. Hii ilikuwa ya mtoto wa Dada. Nikasema hapana, hii naifanyia usafi wa kweli. Nikaiweka kwenye ufutaji ule wa polepole, unaopita diski nzima, chembe kwa chembe, ukijaza sifuri kila mahali. Ulianza saa tano asubuhi ukaisha karibu na kufunga duka. Mara mbili kinyozi alikuja kuniuliza hilo linalounguruma ni kompyuta au mashine ya kusaga. Jumatano nikaweka mfumo mpya, nikapuliza vumbi, nikabadilisha feni. Nikaipangusa mpaka inang'aa. Nilikuwa naimba.

Alhamisi asubuhi nikaanza kufunga. Katoni ilikuwa chini ya meza tangu Jumanne, sikuwa nimegusa vilivyobaki ndani yake. Katoni ya mtu nayo sichungulii. Nikatoa kibodi ili niifute, na mkono ukasimama. Herufi zilikuwa zimelika. A haikuonekana kabisa, N imebaki mguu mmoja, I imefutika, na kile kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa na shimo dogo linalong'aa mahali gumba linapogonga. Kibodi iliyokaa miaka minne chini ya kitambaa hailiki hivyo, jamani. Hiyo ilipigwa, na ilipigwa na mtu anayejua kupiga.

Nikaingiza mkono tena. Chini kabisa ya katoni, chini ya kile kitambaa chenyewe, kulikuwa na kitabu chembamba kirefu cha ofisini. Kitabu cha kupelekea barua. Kila karani anakijua: barua ikitoka inaandikwa namba, tarehe, inakwenda kwa nani, inahusu nini, na aliyeichukua kuipeleka anatia sahihi. Safu ya mwisho ni ya mpokeaji, naye atie sahihi na tarehe. Mwandiko ulikuwa wa Baba, ule uliosimama wima kama askari.

Miaka kumi na minne sijachungulia. Nikaketi sakafuni, nikasoma.

Namba 1. Kwa: Binti yangu mdogo. Kuhusu: Kupokea kompyuta. Namba 2. Kuhusu: Maendeleo yangu ya kujifunza. Namba 5. Kuhusu: Msamaha. Namba 9. Kuhusu: Kukumbushia barua namba 5. Namba 17. Kuhusu: Maelezo ya ziada juu ya msamaha. Hapo nilicheka, wallahi nilicheka kwa sauti, maana ni Baba mtupu huyo, halafu kicheko kikageuka kitu kingine na ikabidi niume kiganja changu. Namba 26. Kuhusu: Goti. Namba 30. Kuhusu: Kama nimekukosea tena. Namba 43, wiki moja kabla ya kiharusi. Kuhusu: Kuomba ruhusa ya kuja kukuona kazini kwako.

Barua arobaini na tatu, zote kwangu. Na kwenye safu ya aliyechukua, kila mstari, kuanzia wa kwanza mpaka wa arobaini na tatu, sahihi ni moja, yenye mkia uliojikunja kama ndoano. Safu ya mpokeaji ilikuwa tupu juu mpaka chini.

Mstari wa mwisho haukuwa na sahihi. Ulikuwa na tarehe ya Jumatatu, siku moja kabla katoni haijaja. Maandishi yalikuwa makubwa, yanayumba, yamepanda nje ya mistari. Ilinichukua muda kutambua kuwa ni Baba, na kwamba ameandika kwa mkono wa kushoto. Namba 44. Kwa: Binti yangu mdogo. Kuhusu: Usifute kabla ya kusoma. Nakala zote zimo.

Niliinuka nikaiwasha ile mashine, nikachomeka kila programu ya kufufulia mafaili niliyo nayo, nikaziendesha moja baada ya nyingine huku najua kabisa ninachofanya ni upuuzi. Sifuri. Sifuri tupu. Kazi safi. Mteja mwingine angenisifu.

Dada aliingia saa sita, mkoba begani, anajipepea kwa bahasha. "Mgonjwa amepona?"

Nikaweka daftari langu mezani, ukurasa wake. Pembeni nikaweka kitabu cha Baba. Sahihi na sahihi, zikitazamana.

Alivitazama. Bahasha ikaacha kupepea. "Kimefikaje hapa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Unaniuliza mimi?"

"Katoni ililala karibu na kiti chake usiku ule..." Akakaa kwenye stuli ya wateja. "Mkono wa kushoto. Mzee huyu!"

"Barua zangu ziko wapi, Dada?"

"Alikuwa ananipa flashi, nikazichape ofisini kwetu, nikuletee. Ya kwanza nilisahau. Nakuapia, ya kwanza nilisahau tu! Ilikaa kwenye mkoba wiki tatu. Halafu akanipa ya pili. Imeandikwa juu kabisa, Barua Namba Mbili. Ningekuleteaje namba mbili? Si ungeuliza namba moja iko wapi?"

"Ungesema umesahau! Mdomo ulikuwa umekwenda wapi?"

"Halafu nikaisoma." Aliinua macho. "Nikaisoma hiyo namba moja, mdogo wangu, na baada ya kuisoma sikuweza tena. Kila ikija nasoma, nachoma karatasi, nafuta flashi. Mimi ndiye ninayemfulia. Ndiye ninayempikia, ninayempeleka kliniki, mume wangu alinuna miaka miwili kwa ajili ya chumba kile. Kwangu mimi Baba alikuwa na maneno mawili: chai imepoa. Wewe uliyemtoa kazini ndiye anayeandikiwa kurasa tatu tatu, mwanangu hivi, mwanangu vile. Sijawahi kuandikiwa hata mstari mmoja mimi!"

"Kwa hiyo ukaniambia hataki kunisikia."

Akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Na yeye ulimwambia nini? Sema! Aliuliza, si aliuliza?"

"Nilimwambia umepokea," akasema. "Umepokea na hukusema kitu."

Hapo nilipiga kelele. Siwezi kuyarudia niliyosema, mengine si ya mtu na dada yake. Kinyozi alitokea mlangoni na mkasi mkononi, mteja wake nyuma na sabuni nusu kidevu, nikawafukuza wote wawili. Moyo ulikuwa unaniuma kweli, kuuma kwa kidonda, si kwa maneno ya nyimbo. Mikono ile ile iliyonisuka!

"Na bado ukaniletea mimi," nikamwambia. "Mji una mafundi kila kichochoro. Ungempelekea yeyote. Ukanifanya nizifute mimi, kwa mikono yangu, huku naimba. Kwa nini mimi?"

Alijibu bila kuniangalia. "Fundi mwingine angechungulia."

Nikaibeba mashine. Nikairudisha kwenye katoni, na kibodi, na kitabu juu yake. Sikumwomba ruhusa. Tulipanda gari moja kwenda kwake kwa sababu mlango ni wa kwake.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amepungua. Shati lilikuwa safi, limepigwa pasi, kola imekaa sawa, na hata nikiwa na hasira ile niliona kwamba anatunzwa vizuri. Aliniona mimi, akaona katoni, na nusu moja ya uso wake ikafanya kitu ambacho nusu nyingine haikuweza.

"Shikamoo Baba."

Hakuweza kuitikia. Alinyoosha mkono wa kushoto, nikaupokea, nikauweka kichwani kwangu na kuulilia. Miaka tisa! Kisha akaniondoa taratibu, akaonyesha kitabu.

Nikakifungua magotini pake. Kidole chake kikashuka moja kwa moja kwenye safu ya mpokeaji, mstari wa kwanza, kikagonga mara mbili. Hapa hapana kitu. Dada alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia mkoba, na nilijua anawaza ninachowaza. Ningeweza kuandika tarehe za nyuma. Miaka minne nyuma, mitatu nyuma. Baba angeamini nilizipata nikazidharau, angenisamehe au asinisamehe, na anayemlisha angebaki msafi machoni pake. Nilimtazama Dada. Macho yake yalikuwa yananiomba hivyo, na nitasema kweli, kalamu ilisita.

Lakini nisingeweza kuchafua kitabu cha Baba kwa tarehe ya uongo. Nikatia sahihi, nikaandika tarehe ya leo. Mstari wa pili, tarehe ya leo. Wa tatu, ya leo. Niliandika mpaka wa arobaini na nne.

Baba alizisoma zote, kidole kinateremka mstari kwa mstari. Mtu wa masijala hahitaji kuelezwa. Alipofika chini alipandisha kidole mstari mmoja, akakihamisha safu moja kushoto, kwenye sahihi yenye ndoano, akakiacha hapo, akamtazama Dada. Hakumkunjia uso. Alimtazama tu, na Dada akateleza ukutani mpaka akakaa chini.

Nikadhani yamekwisha. Ndipo Baba akaigeukia mashine. Akaonyesha waya, akaonyesha ukuta. Washa. Alikuwa anataka nizisome sasa, mbele yake, nakala zimo. Maovu ya Dada nilikuwa nimeyabeba njia nzima kama mzigo wa kumtwika mwenzangu kichwani, na langu nilikuwa nimelisahau.

Nikaunga, nikawasha. Ikawaka haraka, mpya, nyepesi, picha ya kilima cha kijani. Baba alishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akakisukuma kwa shida mpaka upande wa pili wa diski, akafungua. Patupu. Akafunga, akafungua tena. Patupu.

"Baba, nimefuta," nikasema. "Mimi mwenyewe. Kitabu nimekiona leo, nilifuta juzi. Niliambiwa hakuna kitu ndani, na mimi... mimi sichungulii, Baba."

Aligeuza kichwa akanitazama, miwani imeteremka puani. Lilikuwa jicho lile lile la mlangoni mwa chumba cha wapiga chapa. Ni wewe? Ndiyo, Baba, ni mimi tena. Mara ya pili nimeingia na mashine zangu nikafuta kazi ya mikono yako. Nilitamani anipige.

"Namba moja," akasema mtu.

Tuligeuka wote. Dada alikuwa pale pale sakafuni, mgongo ukutani, macho ameyafumba.

"Barua namba moja. Binti yangu. Nimepokea kompyuta ikiwa salama pamoja na karatasi yako isiyo na tarehe. Nilikufundisha nini kuhusu tarehe?"

Kidole cha Baba kikagonga meza, mara moja, kama kwenye nukta.

Nilielewa polepole. Dada alikuwa amezisoma kila mwezi, na kuzirudia, mpaka zikamkaa kichwani zote kama sala. Maneno ya baba yangu yalikuwa yamebaki sehemu moja tu duniani, na sehemu yenyewe ni hiyo.

"Nilikasirika kwa mwezi mmoja," Dada akaendelea. Sauti ilikuwa yake, maneno hayakuwa yake. Kidole, ngo. "Baada ya hapo nilikuwa nakasirika kwa mazoea." Ngo. "Siku ile nilikuuliza, ni wewe, nikashindwa kumalizia. Nilitaka kuwaambia wenzangu, huyu anayejua kuzifunga kompyuta hizi ni mwanangu." Ngo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Njoo nyumbani. Ukija usigonge mlango kama mgeni." Ngo. "Ni mimi, baba yako."

Kidole kilibaki juu. Hakikushuka.

Dada alifumbua macho, akakiona. "Ndiyo mwisho, Baba," akasema. "Imeishia hapo."

Kidole kikabaki juu, kinatetemeka kwa kuchoka, na Baba hakukishusha. Dada alianza kulia. Alilia kwa muda, akajifuta kwa kiwiko, akarudi mstari mmoja nyuma.

"Usigonge mlango kama mgeni," akasema. "Barua hii nimempa dada yako mkononi. Usiwe na wasiwasi nayo, maana katika nyumba hii sina ninayemwamini kama yeye. Ni mimi, baba yako."

Baba akagonga meza.